Samaki wamepungua: jinsi ya kutafuta chanzo kabla ya kununua miche

Uliza kwenye mwalo wowote, yaani mahali pa kushushia samaki, wa Busia au Namayingo nchini Uganda kwa nini samaki wamepungua, utapewa majibu matano kabla chai haijapoa: wanajeshi, nyavu haramu, mvua, watu wa milimani, mapenzi ya Mungu. Kila jibu lina mwenyewe, na kila mwenyewe ana dawa yake tayari. Kamati ikipata fedha kidogo, dawa iliyo karibu ndiyo hununuliwa: miche, mawe ya kujengea kingo, au vifaranga vya sato. Miaka miwili baadaye watu wanakutana tena chini ya mti uleule kulalamikia jambo lilelile.

Mwongozo huu unaanza na dalili, unapita kwenye kipimo, unafika kwenye chanzo, ndipo unagusa marekebisho. Ni wa kamati za mabonde, viongozi wa mialo, maafisa wa gombolola (kata) na yeyote mwenye daftari na subira. Swali la kurudia kila hatua ni hili: samaki huyu anakwama wapi katika maisha yake? Ni pa kutagia, pa kukulia, njia ya kupita, chakula, hewa, au wavu? Mahali anapokwama pasipotengenezwa, kutengeneza kwingine hakumsaidii.

Vitu vya kuwa navyo

Daftari, saa, rula ndefu ya kupimia samaki, fimbo yenye alama za kina, chupa safi kadhaa za plastiki zilizo wazi, na chandarua kidogo chenye mpini. Kwa maji ya ziwani ongeza kisahani cha Secchi, chenye upana wa sentimita 20 na robo nyeusi na nyeupe. Unakishusha kwa kamba hadi kisionekane, kisha unasoma kina. Mafundi wa kuchomea vyuma wanakitengeneza bila shida. Mita ya oksijeni ndiyo ghali, nayo ni afadhali kuiazima kwa siku chache kuliko kukisia mwaka mzima.

Kwa wadudu wa majini kuna njia iitwayo miniSASS, iliyoanzia Afrika Kusini, inayotumia makundi 13 tu ya wadudu. Unapindua mawe, unakinga kwa chandarua, unaangalia nani yupo. Wale wenye mikia mitatu na matamvua ubavuni, na wale wanaojijengea vijumba vya mchanga na vijiti, hawavumilii maji mabovu. Ukikuta minyoo myekundu na ruba peke yao, mto unaumwa hata kama maji yanang'aa. Nakipenda kipimo hiki kwa sababu wadudu hawahamihami kama samaki. Kilichopita mtoni wiki iliyopita usiku, wao walikuwepo.

Jambo la mwisho ndilo linalorukwa na karibu kila mtu: tafuta kijito cha kulinganisha. Kiwe na ukubwa unaokaribiana na chako, udongo wa aina moja, mvua ileile, ila bado kiko katika hali nzuri. Pima vyote viwili siku hiyohiyo. Bila hicho hutajua kama namba zako ni mbaya au ndivyo mito ya kwenu ilivyo.

Dalili: maji mekundu

Tope linaonekana na kila mtu, na ndilo linalosingiziwa chanzo kisicho chake mara nyingi zaidi. Anza na wakati. Maji ni mekundu siku za mvua tu, au hata katikati ya kiangazi? Yakiwa mekundu mvua ikinyesha tu, udongo unatoka juu ya nchi kavu: mashambani, barabarani, kwenye maporomoko. Yakiwa machafu kiangazi, kuna kazi inafanyika ndani ya mto wenyewe au kwenye kingo zake: mchanga unachimbwa, ng'ombe wananyweshwa, majaruba ya mpunga yanafunguliwa, bodaboda zinaoshwa. Mto ulio safi Jumapili asubuhi na mchafu Jumatatu mchana hauhitaji mtaalamu.

Kama ni tope la mvua, panda na mto mvua inaponyesha, kwa tahadhari, ukibaki ukingoni. Kila unapofika mahali vijito viwili vinapokutana, chota chupa moja kila upande kabla havijachanganyika, andika jina na saa. Usiku ziweke mezani kwa mstari. Asubuhi utaona tope lililotuama chini ya kila chupa. Usiishie hapo, maana kijito chembamba chenye tope zito kinaweza kuleta udongo mchache kuliko mto mpana wenye tope jepesi. Kadiria wingi wa maji: pima upana na kina cha wastani, tupa chungwa juu ya maji, hesabu sekunde linazotumia kusafiri mita 10. Upana mara kina mara mwendo (mita 10 gawa kwa sekunde hizo), kisha zidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Hapo ndipo unajua ni mkono upi wa mto unaobeba mzigo.

Katika mito ya Mlima Elgon, orodha ya washukiwa ni ndefu. Machi 2010 mlima uliporomoka Bududa na kufukia kijiji cha Nametsi, na eneo hilo limeporomoka tena mara kadhaa tangu hapo. Makovu ya namna hiyo huendelea kutoa udongo kila masika, na mto Manafwa unaubeba kupitia majaruba ya mpunga ya Doho kuelekea mto Mpologoma na Ziwa Kyoga. Kama chupa zako zinaonyesha kwamba mzigo unatoka kwenye kovu la mlima, miche iliyopandwa ukingoni kilomita 30 chini haitauzuia.

Mshukiwa ninayemwangalia wa kwanza, hata hivyo, ni barabara ya murram. Mitaro yake hukusanya maji ya kilima kizima na kuyamwaga mtoni penye daraja kwa nguvu moja. Mkulima analaumiwa kwa udongo ambao mwingine ni wa barabara. Chota chupa moja mto kabla haujafika darajani na nyingine ukishalipita daraja, mvua ikinyesha, mjadala utaisha.

Ili kujua kama tope limeshafika kwenye mazalia, pima mawe. Ingia mtoni kiangazi, tembea kwa kukatakata kutoka ukingo hadi ukingo, na kila hatua okota kitu cha kwanza kidole chako kinachogusa bila kuangalia. Pima upana wake wa kati, si urefu wala unene. Fanya hivyo mara 100. Kama sehemu kubwa ya ulichookota ni mchanga na tope, chini ya milimita 2, na kwenye kijito cha kulinganisha ni changarawe, mayai yanayotagwa humo hayapati hewa. Hata samaki wakija kutaga, ni kazi bure.

Marekebisho yanafuata chanzo. Kilimani ni makingamaji ya fanya juu (mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu), mistari ya majani ya tembo kukata kilima kwa usawa, na kugawa mitaro ya barabara ili imwage maji kwenye nyasi mahali pengi. Ukingoni ni kuacha ukanda wa uoto. Kanuni za mwaka 2000 za ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinataka mita 30 kila upande kwa mito mingi, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa kwenye jedwali lake. Kwenye kilima cha Elgon mita 30 zinaweza kuwa shamba zima la mjane. Ukienda na kanuni peke yake utarudi na matusi. Ukanda wenye majani ya ng'ombe au mianzi ya kuuza una nafasi ya kubaki. Wenye miti isiyo na faida kwa mwenye shamba utachungiwa mbuzi kabla ya mvua ya pili.

Dalili: samaki wanaelea wamekufa

Wasifukiwe wala kugawanywa kabla hujawaangalia. Andika mambo manne: ni samaki gani, wa ukubwa gani, walianza kuonekana saa ngapi, na nani hakufa. Hilo la nne ndilo lenye thamani zaidi.

Sangara anahitaji oksijeni nyingi. Kambare anaweza kuvuta hewa juu ya maji, na kamongo ana mapafu kamili. Ukikuta sangara wakubwa wameelea huku kambare na kamongo wako salama, na ilikuwa alfajiri au baada ya dhoruba, shuku oksijeni. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara walielea kwa wingi Ziwa Victoria na Kyoga. Uvumi wa sumu ulikimbia kuliko mitumbwi, lakini maelezo ya serikali yalikuwa ukosefu wa oksijeni uliofuata dhoruba, na kule kufa kwa sangara huku aina nyingine nyingi zikisalimika kuliendana nayo.

Inavyotokea ni hivi. Sehemu kubwa ya mwaka maji ya Victoria hujipanga tabaka, ya moto juu na ya baridi chini, na ya chini huishiwa oksijeni. Pepo za kusini-mashariki za kati ya Juni na Agosti ndizo huyachanganya vizuri. Dhoruba ikipiga nje ya msimu huo, maji mabovu ya chini hupandishwa ghafla. Katika ghuba zenye mwani mwingi kuna sababu nyingine: mwani hutoa oksijeni mchana na kuitumia usiku, hivyo saa mbaya kuliko zote ni kabla ya jua kuchomoza. Mita iliyotumika saa sita mchana itakuambia maji ni mazima. Pima saa kumi na moja alfajiri, kila mita moja kutoka juu hadi chini. Chini ya miligramu 5 kwa lita samaki wengi huanza kutaabika. Chini ya 2 wengi hawabaki.

Wakifa wote bila ubaguzi, kambare na vifaranga na kaa pamoja, mchana au usiku, tena sehemu moja ya mto, hiyo inaelekea kuwa sumu. Pindua mawe: wadudu wakiwa wamekufa nao, dhana inapata nguvu. Dawa ya mashamba ni mshukiwa wa kwanza, na mvuvi anayetia sumu majini ni wa pili. Chota maji kwenye chupa ya kioo, ifunge, iweke mahali pa baridi na giza, na mwite afisa uvuvi siku hiyohiyo. Samaki hao hawaliwi, hawauzwi, hawapewi hata mbwa.

Tahadhari kuhusu mafunjo. Ukiingiza mita ndani ya kichaka cha mafunjo utapata oksijeni ndogo ya kutisha, na kuna kamati zitakazotaka kuyafyeka ili maji yapumue. Acheni. Katika Ziwa Nabugabo, karibu na Masaka, watafiti walionyesha kwamba maji hayo yenye hewa kidogo ndiyo maficho ya furu na samaki wengine wadogo wanaoyavumilia, kwa kuwa sangara hawezi kuwafuata humo. Kipimo kibaya kwa samaki mmoja ni ngome ya mwingine. Ndiyo maana kipimo husomwa pamoja na jina la samaki.

Dalili: ningu na kisinja hawapandi tena mtoni

Hawa hupanda mito mvua zinapoanza, wanataga, wanarudi. Wakiacha kuonekana, kuna mambo manne ya kuchunguza, na ninayapanga kwa urahisi wa kuyapima.

Kwanza kizuizi. Tembea kutoka mdomo wa mto kwenda juu, ukisimama kwenye kila kalvati, kila banio la umwagiliaji, kila boma la mawe. Kalvati ambalo mdomo wake wa chini unaning'inia juu ya maji ni ukuta kwa samaki wadogo, hata kama maji yanapita vizuri. Vua kidogo juu na chini yake wakati wa mvua. Chini wakiwa wengi na juu hakuna, umempata. Hii ndiyo kazi ya kurekebisha yenye faida kubwa kwa fedha ndogo ninayoijua: kupanga mawe yatengeneze ngazi za vidimbwi hadi kwenye mdomo wa bomba, au kulifukia bomba ili sakafu yake iwe chini ya kitanda cha mto.

Pili nyavu za mdomoni. Ningu wa Victoria walianguka kwa kuvuliwa kwa nyavu kwenye midomo ya mito wakati wa kupanda, jambo lililoandikwa na wataalamu wa uvuvi tangu enzi za ukoloni, kabla kalvati nyingi za leo hazijajengwa. Kama nyavu bado zinafunga mdomo Machi na Aprili, usitumie shilingi hata moja kutengeneza mazalia huko juu. Hakuna atakayefika.

Tatu changarawe iliyofukiwa, ambayo kipimo cha mawe 100 kimeshakuambia. Nne maji kuwa machache mno, ambayo ni dalili inayojitegemea.

Dalili: mto unakauka mapema

Watu wa Mbarara wanaujua mto Rwizi kwa hili. Linganisha kwanza mvua na kina cha mto kwa miaka kadhaa, ukitumia rekodi za vituo vya serikali vilivyo karibu. Mvua ikiwa imepungua pamoja na mto, hujapata mkosaji wa karibu. Mvua ikiwa palepale na mto umeshuka, angalia ardhioevu zilizokaushwa, pampu, na mikaratusi iliyopandwa bondeni. Takwimu za serikali zinaonyesha ardhioevu zilikuwa asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994, na kufikia 2019 zilikuwa chini ya asilimia 10. Kuziba mfereji uliokausha kinamasi ni kazi ya siku chache kwa majembe. Makubaliano na waliolima humo ndiyo huchukua mwaka.

Dalili: gugu maji na rangi ya kijani

Gugu maji husukumwa na upepo. Kutoweka kwake kwenye mwalo wako kunaweza kumaanisha tu kwamba limehamia kwa jirani, kwa hiyo usihesabu ushindi kwa wiki. Fukusi, wadudu wanaolila gugu hilo, walioachiliwa ziwani miaka ya 1990 walisaidia sana kulipunguza, lakini linarudi penye virutubisho vingi. Kisahani cha Secchi kikipotea kabla ya mita 1 huku maji yakiwa ya kijani, huo ni mwani unaolishwa. Likiwa tope, rangi ni ya kahawia. Ukiwa karibu na mji, fuata mifereji ya maji taka. Ghuba ya Murchison hupokea ya Kampala kupitia mfereji wa Nakivubo, na kinamasi kilichokuwa kikiyachuja kimeliwa na mashamba na majengo. Kuondoa gugu kwa mikono bila kugusa mfereji ni ajira nzuri kwa vijana. Kwa samaki haisaidii kitu.

Dalili: samaki wapo, ila wadogo

Hapa ndipo rula inapofanya kazi. Kila mwezi pima samaki mia kadhaa wa aina moja wanavyotoka mtumbwini, bila kuchagua, na uwapange kwenye safu za sentimita 5. Andika pia ukubwa wa matundu ya wavu, maana wavu wenyewe huchagua.

Safu zikijaa wadogo na kukatika ghafla kabla ya wakubwa, samaki wanazaliwa vizuri na wanavuliwa mapema. Sangara hapaswi kuvuliwa chini ya sentimita 50. Picha yako ikionyesha wengi wako chini ya hapo, tatizo ni wavu, na kurekebisha fukwe hakutaleta chochote. Hilo ni jibu ambalo wavuvi hawapendi kulisikia, hasa baada ya jeshi kuletwa ziwani mwaka 2017 na nyavu na mitumbwi kuchomwa. Ndiyo sababu wapimaji wawe wavuvi wenyewe.

Safu zikiwa na wakubwa lakini wadogo hawapo, geukia mazalia na makulia. Sato dume huchimba kiota kwenye maji mafupi, jike hubeba mayai mdomoni, kisha huwaachia vifaranga penye majani. Anahitaji sehemu zote mbili, karibukaribu. Ufuo uliochimbwa mchanga hadi ukawa shimo refu, kama inavyotokea Lwera kwenye barabara ya Masaka, unampokonya zote kwa mpigo. Na wakiwepo wa kila ukubwa lakini wamekonda, uliza habari za chakula na hewa.

Dalili: tumepanda, tumeweka vifaranga, hakuna kilichobadilika

Angalia kama miche ilipona. Halafu angalia kama ilipandwa mahali chupa zilipoonyesha, au mahali gari la wageni lilipoweza kufika. Kisha kumbuka tope lililokwishaingia mtoni: hata kilima kikipona leo, lililotuama kitandani litaendelea kusukumwa chini kwa miaka. Wadudu ndio hurudi kwanza, samaki wadogo baadaye, na mapato ya mwalo mwishoni kabisa. Kamati inayopima mapato peke yake itakata tamaa kabla ya wakati.

Vifaranga waje mwisho, baada ya kipimo kuonyesha kuna pa kukulia. Kuwamwaga penye tatizo ni kuwalisha sangara na makokoro.

Kuna pia udanganyifu wa upande wa pili. Mei 2020 kina cha Victoria kilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, na kuipita rekodi ya 1964. Maji yakifunika nyasi za ufukweni namna hiyo, vifaranga hupata makulia mapya bila mtu kupanda kitu. Mradi ulioanza mwaka kama huo utajipigia makofi. Kijito cha kulinganisha ndicho kinachoamua: kama samaki wameongezeka kwenu na kule ambako hamkugusa kitu, shukuru mvua.

Namba zikishakaa vizuri, zipeleke zinakotumika. Wizara ya Maji na Mazingira imeigawa nchi katika kanda nne za usimamizi wa maji, zenye ofisi Mbale kwa Kyoga, Mbarara kwa Victoria, Fort Portal kwa Albert na Lira kwa Nile ya Juu. Nakala moja iende kwa afisa uvuvi wa wilaya na nyingine ibaki kwa mwenyekiti wa mwalo. Na kama mto wenu ni Sio, nakala ivuke hadi kaunti ya Busia, Kenya, kwa kuwa sehemu ya chini ya mto huo ni mpaka, na ukingo wa pili unalimwa na wao.